Kwanini senesio za Kilimanjaro ni wazee watupu? Mbegu zake zinaota lini na kwa hali gani?

#1 Mpagazi Mstaafu
Wakuu kwema?

Niende kwenye mada. Nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka, baadae nikapata leseni nikawa naongoza wageni, njia ya Marangu naijua mpaka mawe yake. Sasa kuna swali wageni wananiuliza na huwa nazugazuga tu. Ukishatoka Mandara (mita 2,700) ukapandisha mpaka Horombo (mita 3,720), hasa kwenye vile vijito karibu na kambi, kuna zile senesio ndefu, shina limevaa majani makavu ambayo hayadondoki, kichwani bonge la majani ya kijani. Moja ikitoa maua inamwaga mbegu za manyoya kibao, upepo unazibeba unapeleka unakojua wenyewe. Lakini miche? Miche midogo ya urefu wa kidole unaeza kuzunguka siku nzima usione. Kote wazee watupu.

Mgeni mmoja Mjerumani anaepanda maua ya milima ya Alps bustanini kwake akaniambia jibu ni rahisi, mbegu za milimani zimelala, haziamki mpaka zikae kwenye baridi muda mrefu, yeye zake anaziweka friji kabla ya kusia. Kwahiyo hoja yangu ni hii: barafu ya Kibo imepungua, baridi nayo imepungua, mbegu zimebaki chini zimelala zinasubiri baridi ambayo haiji. Mnasemaje? Wataalam mje, ila mje na maneno ya kueleweka.

#2 Chai ya Rangi
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wataalam karibuni.

#3 Mama Kitalu
Hujambo mwanangu. Mimi nipo Njombe, nina kitalu cha miti ya matunda. Huyo Mjerumani hajakudanganya. Mbegu ya tufaa ukiitoa kwenye tunda ukaisia hapohapo utasubiri mpaka uchoke. Mimi naosha, nachanganya na mchanga wa mto wenye unyevu kidogo, natia kwenye mfuko wa nailoni, friji miezi miwili hata mitatu. Sio friza jamani, friji, pale chini pa mboga. Siku ukichungulia ukaona kijimzizi cheupe kimetoka unajua tayari, unahamishia kwenye viriba. Na mbegu kavu ukiiweka friji haifanyi kitu, inakuwa umeihifadhi tu. Lazima iwe imekunywa maji.

#4 Mtu wa Maabara
Mama Kitalu #3 kaeleza vizuri kuliko slaidi zetu za chuo, heshima yako mama. Ila hoja ya mleta uzi naipinga.

Tufaa na maua ya Alps yanatoka sehemu zenye majira ya baridi. Fikiria mbegu inadondoka mwezi wa tisa, udongo bado una joto na unyevu. Ikiota hapo, mche unakutana na theluji ukiwa na majani mawili, umekwisha. Kwahiyo mbegu imejiwekea kufuli, haifunguki mpaka ihesabu wiki za baridi na unyevu, ndo ijue kipupwe kimepita. Mfano ule mmea wa maua ya njano unaoitwa Gentiana lutea, huo bila baridi hauoti, labda uupake jibereliki asidi, ile homoni wanayopulizia zabibu zisizo na mbegu ili punje zinenepe. Homoni inafungua kufuli bila kusubiri kipupwe.

Sasa Kilimanjaro ipo karibu na ikweta. Kipupwe kipi cha kukwepa? Yule mtaalam wa mimea wa Sweden, Olov Hedberg, aliyeisoma milima yetu hii, alisema kule juu ni kiangazi kila siku na kipupwe kila usiku. Mbegu ya senesio ikisubiri baridi ya miezi mitatu mfululizo itasubiri milele. Na baridi ya usiku wanayo kila siku ya Mungu, Horombo maji yanaganda hata leo, muulize mleta uzi.

Mimi nadhani kinachoamsha mbegu za huko ni kule kupanda na kushuka kwa joto, mchana udongo mweusi unachemka juani, usiku unaganda. Mbegu nyingi ndogo zinahisi hiyo tofauti. Ukiwa juu juu ya udongo tofauti ni kubwa, ukifukiwa chini tofauti inapotea, kwahiyo mbegu inajua ipo kina gani.

#5 Mpagazi Mstaafu
Ni kweli Horombo bomba zinaganda asubuhi, hilo sibishi. Lakini mkuu #4, kama kupanda na kushuka kwa joto kupo kila siku basi zingekuwa zinaota kila siku. Miche iko wapi?

#6 Binti wa Tromsø
Habari zenu. Naishi Tromsø kaskazini mwa Norway, hapa kuna bustani ya mimea ya chuo kikuu iliyo kaskazini kuliko zote duniani, kiingilio bure, majirani zangu ni wanaojitolea kupalilia pale na mimi nimeingia kwenye huo ulevi.

Niwape kitu kilichonishangaza. Nilidhani mimea ya tundra mbegu zake zitaota kwenye baridi maana ndo kwao. Wapi! Nyingi ukiziweka nyuzi 5 au 10 zinakaa tu zinakuangalia, ukiziweka nyuzi 20 na kitu ndo zinaota. Tena baadhi hazina kufuli kabisa, zinachotaka ni joto basi. Ukikaa ukafikiria inaleta maana: kiangazi cha huku ni kifupi mno, mbegu inatakiwa iwe na uhakika kwamba theluji imeondoka kweli na udongo umepata joto, sio kudanganywa na siku moja ya jua mwezi wa nne. Na mbegu inayodondoka mwishoni mwa kiangazi inakutana na baridi hapohapo, joto la kuotea halipo, inalala kwa lazima mpaka mwakani. Kwahiyo kuna kulala kwa kufuli na kuna kulala kwa kukosa joto, tusichanganye.

Kingine, mwanga. Huku jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka karibu 22 Julai. Hamna usiku wa kuganda kama wa Kilimanjaro kwenye hicho kipindi. Kwahiyo kanuni ya Mjerumani wa Alps, kanuni ya huku na kanuni ya Horombo ni tatu tofauti japo wote tunasema mimea ya baridi.

#7 Chizi Kiasi
Hapa ndo Warusi walipowapiga bao. Wamechimba Siberia wakapata mbegu ya miaka 30,000 wakaiotesha ikatoa maua. Sasa nyie senesio ya juzi inawashinda.

#8 Nanyuki Msee
Niaje watu wa Tz. Mimi ni wa Nanyuki, napandisha wageni Mt. Kenya kupitia Sirimon na Naro Moru. Mbegu zinaota bana. Shida si kuota, shida ni kuishi.

Ukilala Mackinder's pale Teleki Valley, amka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijagonga, uiname uangalie udongo ulio wazi. Utaona umesimama juu ya sindano za barafu, nyembamba nyembamba, zimepangana wima, juu yake zimebeba vijiwe na mchanga. Ukikanyaga inafanya krrch. Hiyo ni maji ya ndani ya udongo yanaganda usiku yakivutwa juu, yanainua kila kitu. Sasa chukua mche wa senesio wenye mzizi kama uzi. Usiku unainuliwa, mizizi inakatika, jua likitoka sindano zinayeyuka mche unaangushwa kando, mzizi nje, saa nne ushakauka. Kesho usiku tena. Kesho kutwa tena. Kila siku bana, si kama Ulaya ambako udongo unaganda mara moja unakaa hivyo miezi.

Kuna hata mipira ya kuvumwani kule juu, zile mimea laini za kijani zinakuwanga kwa mawe. Imeviringika, ina kijani pande zote, haijashika mahali. Ni hizo sindano zinaigeuza geuza kila usiku mpaka inakuwa mpira. Kama kuvumwani yenyewe haiwezi shika udongo, mche wa wiki mbili utaweza aje?

#9 Mtu wa Maabara
Nanyuki Msee #8 umeua. Ila bado haujajibu mbona zile kubwa zipo, zilipita wapi?

Chizi Kiasi #7, tuwe makini. Ule mmea ni Silene stenophylla, ripoti ilitoka 2012. Walikuta matunda kwenye mashimo ya kindi wa ardhini wa kale waliokuwa wanaweka akiba, karibu na mto Kolyma, mita 38 chini kwenye udongo uliogandana, umri kama miaka 31,800. Lakini hawakuotesha mbegu. Walichukua nyama ya ndani ya tunda, pale mbegu zinaposhikia, wakaikuza kwenye chupa za maabara mpaka ikawa mmea. Mmea ule ndo ukatoa maua, ukatoa mbegu mpya, na hizo mpya ndo zikaota. Kuotesha mbegu ya kale na kukuza tishu ya kale ni vitu viwili.

#10 Chizi Kiasi
Sasa si maua yalitoka? Mnapenda kubana pua tu. Haya na ile lupini ya Kanada ya miaka elfu kumi nayo ni tishu?

#11 Mtu wa Maabara
Hiyo ndo mbaya zaidi. Mbegu za Lupinus arcticus ziliokotwa 1954 huko Yukon kwenye mashimo ya panya wa theluji, 1967 ikatangazwa zimeota na zina miaka 10,000 hivi. Ikaingia kwenye vitabu, watu wakafundishwa. Kumbe umri ulikadiriwa kwa kuangalia udongo na mifupa ya jirani, mbegu zenyewe hazikupimwa. 2009 zikapimwa kwa kaboni, zikakutwa ni za juzi tu, ziliingia kwenye yale mashimo baadae. Miaka zaidi ya arobaini dunia nzima inameza.

#12 Chai ya Rangi
Chizi Kiasi amepigwa mbili bila. Kipindi cha pili kinaendelea.

#13 Mswahili wa Maskati
Nisaidie ndugu yangu Chizi Kiasi asizikwe mzima. Mbegu ya tende iliyokutwa Masada iliota 2005, na hiyo ni mbegu kweli, sio tishu, ina miaka kama elfu mbili, wakaiita Methuselah. Huku Omani wazee wa mashamba waliposikia walicheka, wakasema tende ni tende. Lakini ile ilikaa pakavu na pa joto, sio barafuni. Kwahiyo baridi sio kila kitu, ukavu ndo mwenyewe.

#14 Binti wa Tromsø
Asante #13. Na kabla hamjauliza kuhusu lile ghala la mbegu la Svalbard: lilifunguliwa Februari 2008, mbegu zinakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, zikiwa zimekaushwa kwanza. Ni za mazao, mpunga, ngano, mtama, maharage. Watu wanadhani zimejaa mimea ya barafu kwa sababu lipo barafuni. Hapana.

Na kuna jambo linachekesha kidogo. Watafiti wa milima ya Alps upande wa Italia walilinganisha mbegu za mimea ya juu mlimani na za mabondeni, za mlimani zikaonekana zinakufa mapema zaidi zikihifadhiwa. Mimea ya baridi lakini mbegu zake hazidumu. Kwahiyo mleta uzi usifikirie mbegu za senesio zipo chini zimelala toka enzi za babu. Sitashangaa zikiwa zinakufa haraka tu.

#15 Mama Kitalu
Wanangu mmeenda Siberia mmerudi, hakuna aliyeuliza kama hizo mbegu zina kitu ndani.

Senesio ni ukoo mmoja na pareto, na alizeti, na saladi. Sisi Njombe na Makete pareto tunaijua. Ukivuna mbegu za pareto nusu mkono ni mapepe. Ua la pareto halijichavushi lenyewe, linataka chavua ya mmea mwingine, isipofika mbegu inajitengeneza ganda zuri kabisa ila ndani hewa. Unasia, unamwagilia, unalaumu udongo, kumbe ulisia makapi.

Kupima ni rahisi. Chukua mbegu weka juu ya kucha ya dole gumba, bonyeza na kucha ya pili. Ikibonyea kama karatasi, pepe. Ikigoma, ikapasuka ukaona kiini cheupe chenye mafuta kidogo, hiyo nzima. Ukiwa na wembe kata katikati uone. Kule juu wadudu wa kuchavusha wenyewe ni wa kubahatisha, baridi hiyo nyuki gani ataruka? Mimi nasema mapepe, kwisha habari.

#16 Mtu wa Maabara
Mama hapo umenifunga. Maabara tunatumia dawa ya tetrazoliamu, kiini kilicho hai kinageuka chekundu, kilichokufa kinabaki cheupe. Ila kucha ya Mama Kitalu ni bure na haihitaji umeme.

#17 Kipara wa Siha
Mada nzuri, nimechelewa. Nataka niweke moto, na namaanisha moto wenyewe.

Mimi nyumbani kwetu ni upande wa Shira. Mlima unaungua kila baada ya miaka kadhaa, ule wa Oktoba 2020 uliunguza kilomita za mraba zaidi ya 90, 2022 tukaona tena moshi upande wa kambi ya Karanga. Mtafiti Andreas Hemp aliandika zamani kwamba moto umeusukuma mpaka wa juu wa msitu kushuka chini kuliko ulivyokuwa, na kwamba msitu unaoungua una athari kubwa kwa maji kuliko barafu kuyeyuka. Sasa Afrika Kusini, kule Cape, iligunduliwa 1990 kwamba kuna mbegu hazioti bila moshi. Sio joto la moto, moshi. Baadae 2004 Waaustralia wakapata kemikali yenyewe iliyomo kwenye moshi. Erika (vile vichaka vya majani membamba) za Cape kuna zinazoitikia moshi, na erika sisi tumejaa nazo kuanzia juu ya Mandara. Kwanini senesio nazo zisiwe hivyo? Miaka ya moto ndo miaka ya miche.

#18 Nanyuki Msee
Kipara, moshi kwa fynbos, yaani vichaka vya huko Cape, sawa, lakini usibebe jibu la Cape ulete huku bila kupima. Yangu ya kuona na macho: mahali nyasi zile za mafundo zimeungua, miche inaonekana. Lakini ni moshi ama ni mwanga? Nyasi zikitoka udongo unapata jua. Na majivu ni mbolea. Vitu tatu zimekuja pamoja, wewe umechagua moja.

#19 Mtu wa Maabara
Hapo kwenye mwanga naomba nitulie kidogo maana ndo penye utamu.

1952 pale Beltsville Marekani walichukua mbegu za saladi, ukoo uleule wa senesio alivyosema Mama Kitalu, wakazimulika taa nyekundu, zikaota. Wakazimulika taa ya wekundu ule wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri, zikagoma. Wakabadilishana, nyekundu, wekundu wa mbali, nyekundu, wekundu wa mbali, mara nyingi. Jibu kila mara lilitegemea taa ya mwisho ilikuwa ipi. Mbegu ina swichi.

Sasa majani mabichi yanakula mwanga mwekundu na kuacha ule wa mbali upite. Mbegu iliyodondoka chini ya fundo la nyasi inapata mwanga ambao umeshachujwa, inajua juu yangu kuna mtu, inabaki kimya. Moto ukipita, au tembo au nyati akilala pale, dari linaondoka na swichi inawaka. Sio lazima moshi. Sijasema nimepima senesio, nasema ni ukoo wenye tabia hiyo. Na lobelia, ule mmea mwingine mkubwa wa huko juu, ndo usiseme, mbegu zake ni unga mtupu, ukizifukia zimekufa, unazinyunyizia juu ya udongo unaacha hivyohivyo.

#20 Fundi Simu Kariakoo
Samahani kuingilia. Hapo kwenye saladi mmenigusa. Nina vindoo juu ya paa Dar, nimesia saladi mara kibao haioti, nimebadilisha udongo, nimebadilisha duka la mbegu. Tatizo mwanga?

#21 Mama Kitalu
Joto mwanangu. Saladi udongo ukipita nyuzi 30 inagoma, na paa la bati Dar mwezi wa pili unategemea nini? Loweka mbegu, zifunge kwenye tishu yenye maji, weka friji siku mbili tatu, kisha sia jioni juu juu bila kufukia sana, funika na gunia bichi, toa gunia zikichungulia.

#22 Chai ya Rangi
Kwahiyo friji haifai kwa mmea wa Kilimanjaro inafaa kwa mmea wa Kariakoo. Uzi huu ntauprinti.

#23 Mwana Virunga
Bonjour ba ndugu. Mimi niko Goma. Huku kwetu senesio iko Karisimbi na Mikeno, tena Ruwenzori iko mingi sana, ni pori nzima, matope mpaka magoti. Sisi hatuna shida ya miche yenye munasema. Ruwenzori mvua haikatike, kuvumwani inafunika kila kitu, miti yenye ilianguka, mawe, yote. Miche natoka juu ya miti yenye ilianguka, kule sindano ya barafu haina udongo ya kuinua. Muangalie kama kwenu kuko kukavu sana. Na gorila naye anakula ile roho ya ndani ya senesio, anavunja, anachana, anakula.

#24 Mpagazi Mstaafu
Mwana Virunga #23 umenifumbua. Hata kwetu kubwa nyingi zipo kwenye vijito na chemchemi, kwenye mteremko mkavu hamna. Huenda zile za Barranco ni nyingi vile kwa sababu ya unyevu wa bonde.

Sasa naona nichukue mbegu kiganjani nikajaribu nyumbani Marangu, wengine friji, wengine moshi, wengine juani.

#25 Mlinzi wa Lango
Mkuu unaandika hivyo mtandaoni na unavaa beji ya kuongoza wageni? Kuchuma mmea au mbegu ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa. Utafiti una njia yake, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), kisha hifadhi wenyewe. Na ukienda na mgeni kama huyo Mjerumani mwangalie mfukoni, hizi mbegu zina soko kwao.

#26 Mpagazi Mstaafu
Nimekusoma afande. Basi naomba mtu mwenye kibali afanye.

#27 Binti wa Tromsø
Kwa atakaepata kibali kihalali, usipime kitu kimoja. Gawa mbegu mafungu. Fungu la kwanza joto lilelile usiku na mchana. La pili mchana mezani usiku friji, hiyo ndo Horombo yako ya bandia. La tatu kama la pili ila limefunikwa na foili lisipate mwanga. La nne maji ya moshi, yaani maji yaliyopitishiwa moshi. Fungu la mwisho weka wiki kadhaa friji kwa mfululizo, tumridhishe Mjerumani. Na kabla ya yote kucha ya Mama Kitalu, vinginevyo utakuwa unalinganisha mapepe kwa mapepe. Na uangalie kinyausi, miche ikianguka shingoni ikawa nyeusi hiyo sio baridi, ni ukungu, umemwagilia kupita kiasi.

Mimi dau langu naliweka kwenye fungu la pili.

#28 Kipara wa Siha
La nne. Mtaniambia.

#29 Dada wa Hesabu
Nimesoma yote. Nyie wote mnadhani kuna tatizo la kutatua. Mimi sioni tatizo.

Senesio ikitoa ua, ua linatokea kwenye ncha ya shina, shina haliwezi kuendelea juu, linagawanyika. Kwahiyo kila panda unayoiona ni kumbukumbu ya mara moja ya kutoa maua, na kutoa maua hakutokei kila mwaka, zile za Mt. Kenya zinakaa miaka zikingojana halafu zinatoa kwa pamoja. Mti wenye panda nyingi umeishi sana, kuna zinazokadiriwa kupita miaka mia mbili. Sasa mti unaoishi miaka mia mbili unamwaga mbegu maelfu kila unapozaa, idadi isipungue inatakiwa mche mmoja tu ufanikiwe. Mmoja, kwa miaka yote hiyo. Mpagazi akipita akiona miche kila mahali ndo tungetakiwa kuogopa, maana ingekuwa msitu mnene.

#30 Nanyuki Msee
Dada wa Hesabu si umemaliza uzi aki. Lakini subiri, hesabu yako inaenda kama mwaka mzuri unakuja. Kuna miaka mvua inapiga poa, usiku unakuwa na mawingu, hakuna kuganda sana, miche ya mwaka huo inapata mizizi mirefu kabla sindano zianze. Sasa miaka kama hiyo ikipotea? Mti mzee hakuambii chochote, unasimama tu ukionekana mzima huku nyuma yake hakuna mtoto.

Na pimbi mmemsahau. Pimbi wa Teleki Valley amenenepa kwa sababu ya hizi mimea, lobelia anaimaliza. Lobelia telekii inatoa ua mara moja inakufa, ile keniensis ina vichwa kadhaa, kimoja kikifa vingine vinaendelea. Pimbi akiguguna telekii kabla haijamwaga mbegu, mchezo umeisha kwa hiyo.

#31 Dada wa Hesabu
Miaka mizuri kupotea ni hoja, hiyo naikubali. Lakini nani ana rekodi ya kusema imepotea? Tunahitaji mtu aliyehesabu sehemu ileile muda mrefu, sio mtu aliyepita na wageni.

#32 Mpagazi Mstaafu
Aliyepita na wageni kapita mara nyingi kuliko maprofesa dada yangu, tuheshimiane.

#33 Mama Kitalu
Na pimbi akila ua bichi, yale yanayobaki yanakomaa kabla ya wakati, yanatoa nini? Mapepe.

#34 Mtu wa Maabara
Mama hatoki kwenye mapepe leo.

#35 Binti wa Tromsø
Nimekumbuka kitu. Huku kuna mmea mdogo, Bistorta vivipara, umeona mbegu ni usumbufu ukaamua kutengeneza vitunguu vidogo vidogo kwenye bua chini ya maua, vingine vinaanza kutoa jani vikiwa bado kwenye bua. Kinadondoka kikiwa tayari mmea. Hakuna kulala, hakuna swichi, hakuna mapepe. Ndege wa theluji wanavila kweli lakini vinavyobaki vinatosha. Senesio hazina hiyo njia?

#36 Nanyuki Msee
Ile senesio fupi yetu ya chini kwenye majimaji, nayo inaitwa keniensis kama ile lobelia, inatambaa, shina linalala kwa udongo linatoa mizizi linaendelea. Ukiona kumi zimekaa pamoja inaweza kuwa ni moja. Ile ndefu ya juu, keniodendron, hiyo inategemea mbegu.

#37 Kipara wa Siha
Sasa ya Kilimanjaro ipo upande gani? Mpagazi, ukipanda tena chungulia chini ya zile za Horombo kama zimeungana, bila kuchimba, Mlinzi wa Lango anasoma.

#38 Fundi Simu Kariakoo
Mama Kitalu, mbegu za saladi nimeziweka friji toka jana, ila mke wangu ana samaki mle. Harufu ina shida?